Mwache Koa Aitwe Koa



Masika yakishika, inua gunia lililolowa au ubao uliolala kando ya tuta la mchicha, na mara nyingi utamkuta. Mnene kama kidole, mweusi au wa kijivu, mwororo, ametulia penye unyevu. Ukimgusa anajikunja. Ukimwacha atulie, anatoa pembe nne, mbili ndefu juu na mbili fupi chini, macho yakiwa kwenye ncha za zile ndefu, kisha anaanza kuteleza polepole juu ya ute wake mwenyewe. Waulize watoto wa hapo nyumbani huyo ni nani, watakuambia konokono. Wakumbushe kwamba konokono ana gamba mgongoni, nao wataongeza maneno: konokono asiye na nyumba, konokono uchi.

Jina lake ni koa. Mmoja koa, wengi makoa. Kamusi zetu zinalo, ni silabi mbili tu, na kila siku linazidi kusahaulika. Nimelichagua leo kwa sababu nimekuwa nikilinganisha majina ambayo watu wa mataifa mbalimbali wamempa kiumbe huyu, na kila nilipoongeza lugha nyingine niliona wazi zaidi kwamba sisi tuna jina zuri, ila hatulitumii.

Tuanze na ute, maana ndiko wengi walikoanzia. Warumi walimwita koa limax, na Wagiriki nao walikuwa na neno la jamaa hiyohiyo, leimax. Kutoka kwa Warumi, Wafaransa wakapata limace, Wareno wakapata lesma, na Waitaliano wakapata lumaca, neno linalomtaja koa na konokono kwa pamoja. Warusi humwita slizen, na kwao sliz maana yake ni ute. Wapolandi humwita konokono ślimak. Wataalamu wa historia ya lugha wanayaweka maneno haya katika ukoo mmoja wa kale sana, ambao mzizi wake ulihusu kitu cha utelezi, cha tope, cha kunata. Fikiria, msikilizaji: watu waliotawanyika kutoka Ureno hadi Urusi, wakaachana kwa maelfu ya miaka, wakabadili dini, wafalme na mipaka, lakini kila walipomwona koa bado walitazama uleule ute.

Wahispania walikwenda mbali zaidi. Wao wakamwita babosa, kutokana na baba, yaani udenda, yale mate yanayomtoka mtoto mchanga. Neno hilo halikubaki kwa mnyama. Nchini Mexico ukimwita mtu baboso umemtukana. Umemwambia ni mjinga. Waarabu nao wana bazzaqa, kutokana na kitenzi kinachomaanisha kutema mate. Hapo ninakaa kidogo, kwa sababu Kiswahili kimepokea mengi kutoka Kiarabu: baadhi ya tarakimu na ya siku za juma, maneno ya mahakama, ya biashara, ya ibada. Lakini huyu wa kwenye tuta la mboga hatukumkopa. Tulikuwa naye na jina lake tangu mwanzo.

Ute wenyewe, kwa kweli, haukustahili dharau hiyo. Ndio barabara ya koa. Bila ute hawezi kupiga hata hatua moja, na akiwa nao anapanda ukuta, anapita juu ya makali ya wembe bila kukatika, anatunza maji ya mwili wake ambao hauna ngozi ngumu ya kumkinga na jua, na anaweza kuufuata mkondo wake kurudi mafichoni au kumtafuta mwenzake. Kiumbe mwenye kazi zote hizo ndani ya ute mmoja kuitwa mtema mate, mimi naona si haki.

Kundi la pili la majina linasema juu ya uchi. Wajerumani humwita Nacktschnecke, konokono uchi. Waholanzi husema naaktslak, vilevile. Kiebrania cha leo kina chasofit, jina lililotokana na neno la kitu kilichofunuliwa, kilichoachwa wazi. Sisi tunaposema konokono asiye na nyumba tunaingia katika kundi hili, na hapa ndipo penye hoja yangu. Jina la namna hiyo humtaja mtu kwa alichokosa. Husemi nyoka ni mjusi asiye na miguu. Unasema nyoka, basi.

Mwenye elimu ya viumbe ataniuliza: je, si kweli kwamba makoa walitokana na konokono? Ni kweli. Na jambo lenyewe ni la ajabu kuliko watu wengi wanavyodhani. Makoa si ukoo mmoja. Katika pande mbalimbali za dunia, nyakati mbalimbali, jamii mbalimbali za konokono zilipunguza gamba mpaka likawa kipande kidogo tu au likatoweka kabisa, kila jamii kwa njia yake, bila kuhusiana na nyingine. Makoa wengi wa Ulaya bado wana kibamba kidogo cha chokaa kilichofichika chini ya ngozi ya mgongoni. Yule mkubwa mwenye madoa, ambaye mwaka 1758 mtaalamu wa viumbe Linnaeus alimpa jina la Limax maximus, anacho. Na faida ipo. Gamba linahitaji chokaa nyingi, na udongo wa sehemu nyingi hauna chokaa ya kutosha. Asiye na gamba anaishi hata huko, na anajipenyeza kwenye nyufa na chini ya magome ambako konokono hafiki. Hasara yake ni maji: jua kali humkausha haraka, ndiyo maana humwoni mchana. Kwa hiyo uchi huo ni maisha ya namna nyingine, yenye gharama na faida zake. Jina linalosema uchi tu limeona nusu.

Sasa twende Uingereza, maana huko neno limesafiri safari ndefu kuliko zote.

Waingereza wa kale walikuwa na jina moja tu la koa na konokono, snægl, ambalo leo ni snail. Linatokana na mzizi wa kutambaa, na ni ndugu wa neno lao la nyoka, snake. Neno slug lilikuja baadaye, na lilipokuja halikuhusu mnyama kabisa. Lilihusu mtu. Lilitokea upande wa Skandinavia, likaingia Kiingereza katika zama za kati, na maana yake ilikuwa mvivu, mzito wa kuamka, mtu wa kulala. Kwa karne kadhaa slug alikuwa binadamu. Katika maandishi yaliyosalia, mnyama anaanza kuitwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 18 tu. Maana yake ni hii: Mwingereza hakumtukana mvivu kwa kumfananisha na koa. Alimchukua koa, akampa tusi lililokuwa tayari la mvivu.

Na kabla hata ya kumpa koa, alikwisha kulitumia kwa risasi. Katika karne ya 17 kipande kizito cha madini kilichoshindiliwa kwenye bunduki kiliitwa slug. Huenda uzito ndio uliounganisha maana hizo. Kutoka hapo neno likawa la kila kipande cha madini kisicho na umbo zuri.

Ndipo neno likaingia kwenye uchapaji. Mwaka 1886, katika gazeti la New York Tribune, mashine ya kupanga chapa ya mvumbuzi Ottmar Mergenthaler ilianza kazi. Iliitwa Linotype. Kabla yake, mpanga chapa aliokota herufi mojamoja kwa mkono. Mashine hii ilikuwa na vitufe. Mpanga chapa akibonyeza, vikalibu vya herufi vinashuka na kujipanga, kisha risasi iliyoyeyushwa, iliyochanganywa na bati na antimoni, inamiminwa juu yake, na mstari mzima wa maneno unatoka ukiwa kipande kimoja, cha moto, kinachong'aa. Kipande hicho kikaitwa slug. Wahariri, ili wasichanganye habari moja na nyingine kabla ya kurasa kupangwa, waliweka juu ya kila habari mstari mmoja wa madini wenye neno moja au mawili ya kuitambulisha: moto, bajeti, mpira. Mstari huo nao ukaitwa slug, na jina likabaki hata mashine zilipokwisha kuondoka. Mwandishi wa habari anayenisikiliza sasa hivi anajua nisemalo, kwa sababu hata leo habari yake haiingii kwenye orodha ya mhariri bila jina fupi la namna hiyo.

Kisha likaingia kwenye kompyuta. Kile kipande cha mwisho cha anwani ya ukurasa wa intaneti, maneno machache yaliyounganishwa kwa vistari, waandishi wa programu hukiita hivyohivyo. Njia moja iliyolieneza ni programu ya Django, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Vijana walioiandika walikaa katika chumba cha habari, wakalichukua neno la chumba cha habari. Basi mtu mvivu wa zama za kati amekuwa risasi, amekuwa mnyama, amekuwa mstari wa madini, amekuwa jina la habari, na sasa ni mkia wa anwani. Mfasiri asiyeijua safari hii akilikuta neno hilo kwenye programu ataweka konokono mahali pasipo na konokono. Wanafizikia nao hawakubaki nyuma: wanaopima kwa futi na ratili wana kipimo cha tungamo kiitwacho slug, karibu kilo 14.6, na chanzo chake ni uleule uzito wa kusogea.

Kaskazini mwa Ulaya kuna jina lenye hofu. Kuna koa mmoja wa rangi ya kahawia au ya machungwa, Arion vulgaris, aliyeanza kuonekana Sweden katika miaka ya 1970 na kuenea kwa kasi, akitaga mayai kwa mamia na kumaliza bustani. Waswidi wakamwita mördarsnigel, konokono muuaji. Wadenmark wakamwita dræbersnegl, maana ni ileile, kwa kuwa hula hata maiti za wenzake. Wajerumani wao walimtupia mgeni lawama: koa wa Kihispania. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa uwezekano mkubwa huyu ni mwenyeji wa Ulaya ya kati, hakutoka Hispania. Jina limebaki, na Wahispania wamebaki na lawama isiyo yao. Majina ya viumbe waharibifu na ya magonjwa yana tabia hiyo, na tumeona mara nyingi jinsi yanavyowachafua watu wasiohusika.

Watu wa Wales peke yao, kwa ninaowajua, walimtazama koa kwa upole. Kwa Kiwelisi mojawapo ya majina yake ni gwlithen, na gwlith ni umande. Hawakutazama ute wala uchi wala mwendo. Walitazama saa anayotoka: alfajiri, majani yakiwa bado yamelowa. Katika majina yote niliyoyapitia hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Wajapani humwita namekuji, nao wamemwingiza katika mambo mengi ya utamaduni wao. Katika ushairi wao mfupi ni neno la majira ya kiangazi. Wana mchezo wa kale wa vidole: kidole gumba ni chura, cha shahada ni nyoka, cha mwisho ni koa. Nyoka humshinda chura, chura humshinda koa, na koa, kwa imani yao ya zamani, humyeyusha nyoka. Na mtu anayenywea ghafla mbele ya anayemwogopa husemwa kuwa ni koa aliyetiwa chumvi. Sisi pia tunajua chumvi inavyomfanya: maji ya mwili yanavutwa nje, anasinyaa na kufa mbele ya macho yako. Kuyeyuka huko kuliwagusa hata watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Zaburi ya 58 inaomba waovu wapotee kama kiumbe anayeyeyuka huku akienda, na neno la Kiebrania lililotumika pale ni shablul, ambalo leo ni la konokono. Wafasiri wengine wamemwona koa.

Hata dharau ya Kiingereza haikudumu kila mahali. California, katika misitu ya miti mirefu ya pwani, kuna koa wa manjano anayeweza kufikia sentimita 25. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Santa Cruz walimtaka awe nembo ya timu zao. Mkuu wa chuo alipendelea simba bahari. Wanafunzi walipiga kura, wakashinda kwa wingi mkubwa, na mwaka 1986 koa akawa nembo rasmi.

Tumerudi nyumbani, kwenye koa wetu.

Neno hili ni la Kibantu, na sauti zake zinalionyesha hivyo. Kiswahili kina desturi ya kudondosha konsonanti katikati ya irabu pale lugha ndugu zinapoibakiza: wengine husema njala, sisi njaa, wengine mvula, sisi mvua. Kule Kongo, kwa Kikongo, konokono ni kodya, na mimi naona koa wetu amekaa jirani kabisa na huyo. Wanyanja wa Malawi humwita konokono nkhono. Lirudie mara mbili bila ile nazali ya mwanzo, umepata konokono wetu. Kiswahili hakikuridhika na jina moja. Kiliweka mawili: konokono kwa mwenye gamba, koa kwa asiye nalo. Mwingereza alifika hapo baada ya kumkopesha mnyama tusi la mtu.

Kamusi zina koa mwingine pia, bamba jembamba au pete ya madini, ya kuvaa au ya kukazia mpini wa kisu. Sidai kwamba yana asili moja. Lakini ajabu ya lugha ndiyo hiyo: Mwingereza naye ana koa wa bustani na koa wa madini katika neno moja.

Na kuna jambo la sarufi linalonifurahisha mno. Koa ni huntha. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike ndani yake, na wakikutana wawili, wote wawili wanaweza kutaga. Sasa waonee huruma Wafaransa, ambao lugha yao inawalazimisha kumwita wa kike, na Warusi, ambao lugha yao inamfanya wa kiume. Hata Warumi walisita, neno lao mara nyingi likiwa la kike, mara chache la kiume. Sisi tunasema: koa anatambaa, makoa wanatambaa. Yu hai, amepewa upatanisho wa viumbe hai, na hakuna aliyeulizwa jinsia yake. Sarufi yetu imemweleza sawasawa bila kujisumbua.

Usahihi wa jina hili una kazi shambani pia. Kiangazi kikija, konokono hujifungia ndani ya gamba lake na kuziba mlango, akakaa kwenye shina au ukutani unapoweza kumwokota. Koa hana mlango wa kuziba. Anashuka kwenye nyufa za udongo, chini ya mboji na matandazo, unyevu ulipo. Mkulima akiambiwa konokono wanakula miche yake ataangalia juu kwenye shina, wakati mlaji amelala chini ya majani makavu. Baharini vilevile tuwe waangalifu. Wafanyabiashara wa Kiingereza wa zamani walimwita jongoo bahari koa wa baharini, na Wareno wakamwita mdudu wa bahari. Jongoo bahari si koa wala mdudu. Ni ndugu wa kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano. Makoa halisi wa baharini wapo, wenye rangi za kupendeza, kwenye matumbawe yetu kuanzia Kiunga hadi Mtwara. Anayefasiri habari za uvuvi akichanganya hao wawili, amechanganya bidhaa inayouzwa na kiumbe mwingine kabisa.

Kwa hiyo ninaomba. Mwalimu wa sayansi, ukifika kwenye somo la wanyama wasio na uti wa mgongo, andika ubaoni koa kando ya konokono. Bwana shamba na bibi shamba, litumieni kwenye mikutano ya wakulima. Mhariri wa vitabu vya watoto, ukikuta konokono asiye na nyumba kwenye mswada, futa maneno manne uandike moja.

Na wewe msikilizaji, waulize wazee wako. Pemba, Lamu, Tanga, Kigoma, Lubumbashi, Bujumbura, popote unaponisikia, pengine kwa lahaja yenu au kwa lugha yenu ya nyumbani koa ana jina lake mwenyewe, na pengine anayelijua ni bibi mmoja tu aliyebaki. Liandike, uandike na maana yake kama anaijua, utaje mahali linaposemwa, ulitume hapa kituoni. Tutayasoma hewani yote yatakayotufikia.